Sauti ivuke kwanza

Kipimo kikali cha mtandao ni salamu. Binti aliyeko Kilambo anampigia babu yake Palma, ng'ambo ya Ruvuma. Shikamoo babu. Kimya. Anadhani hajasikika, anarudia shikamoo. Papo hapo marahaba ya kwanza inaingia na kugongana na shikamoo ya pili, na babu, ambaye sasa kasikia shikamoo mbili, anaitikia tena. Wanafika kwenye habari za nyumbani wakiwa tayari wamekatana kauli mara tatu. Sauti yenyewe ni safi, hakuna neno lililopotea. Kila neno limechelewa kidogo tu, nusu sekunde hivi, na hiyo inatosha kumfanya mjukuu aliyelelewa vizuri aonekane hana adabu.

Lawama huenda kwa kampuni ya simu. Mnara mbovu, bando la wizi, tumezoea. Mara nyingine lawama hiyo ni ya haki. Lakini mara nyingi kuliko tunavyokiri mkosaji yumo ndani ya nyumba ileile: rauta moja yenye laini moja ya 4G, mdogo mtu anapakia video ya harusi, simu nne zimeamua kusasisha programu zake kwa pamoja, na chumba cha pili wanaume wanatazama mechi. Binti wa watu hana mlango wa kupitishia sauti yake.

Natetea hapa jambo dogo la kiufundi ambalo naliona ni la haki kabisa. Kwenye mtandao wenye msongamano, uwe wa nyumbani au wa ofisi, simu ya sauti itangulizwe. Sisemi simu ya mkubwa. Nasema simu ya yeyote anayezungumza wakati huo.

Kwa nini nimeichagua Kilambo? Kwa sababu pale hoja hii haina haja ya kupambwa. Kilambo iko kusini kabisa mwa pwani yetu, Mtwara Vijijini, jirani na pale Ruvuma inapomwaga maji yake baharini. Mto ndio mpaka na Msumbiji, na mpaka wenyewe si wa kale. Wajerumani walishikilia kipande cha Kionga, upande wa kusini wa mlango wa mto, mpaka Wareno walipokitwaa mwaka 1916 katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Ndugu hawakugawanyika kwa kuwa ramani imechorwa upya. Wamakonde wako pande zote mbili, Wamakua vilevile, na si ajabu mtu kuwa na shangazi Kitaya na binamu Palma. Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 liko mbali, juu ya mto huko Mtambaswala. Huku chini watu huvuka kwa mitumbwi na kwa kivuko cha MV Kilambo.

Kisha ikaja vita ya Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji iliko Palma. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu, kilishambuliwa. Miezi mitano baadaye, Machi 24, 2021, wapiganaji waliivamia Palma na mawasiliano ya simu ya mji ule yakakatika. Kwa siku kadhaa jamaa walipiga namba zisizopatikana, huku watu wakikimbilia misituni, baharini na kuelekea mtoni. Hakuna rauta ya kuponya hilo, maana mnara ukizimwa umezimwa. Nalitaja kwa sababu baada ya siku kama zile mtu haridhiki tena na ujumbe wa maandishi. Ujumbe anaweza kuuandika yeyote aliyeishika simu. Sauti unaijua ni ya nani.

Na sauti hiyo, kwa sehemu kubwa, husafiri kwa bando. Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo nafuu za kupigiana simu zinazojadiliwa na wanachama wa Jumuiya hazivuki Ruvuma. Dakika ya kawaida kwenda nje ya nchi ni ghali kwa mvuvi. Anapiga kwa WhatsApp, kama afanyavyo Mzanzibari mwenye ndugu Muscat.

Sasa tuingie jikoni. Simu ya mtandaoni hukata sauti yako katika vipande vidogo mno. Kwenye simu nyingi za ofisini kila kipande ni cha milisekunde 20, yaani vipande 50 kila sekunde, na kila kimoja hufungwa katika pakiti yake na kutumwa peke yake. Mzigo wake ni mwepesi kiasi cha kuchekesha. Hata kwa usimbaji wa zamani wa G.711, ambao haubani sauti kabisa, mazungumzo hula chini ya kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. WhatsApp hula pungufu ya hapo. Video moja ya ubora mzuri inayotaka megabiti 5 imekalia nafasi ambayo simu zaidi ya 50 zingetosha.

Tatizo la sauti, kwa hiyo, si ukubwa wake. Haina subira, basi. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, katika mwongozo wake wa G.114, linashauri safari ya kutoka mdomo hadi sikio isizidi milisekunde 150, na linasema mtandao usipangwe kwa kuvuka 400. Barua pepe ikichelewa sekunde tano hakuna atakayejua. Video huvuta akiba mbele kabla hujaiona, hivyo nayo ina pa kujishikiza. Kipande cha sauti kilichochelewa nusu sekunde ni heri kisingefika.

Kinachokichelewesha ni foleni ndani ya rauta, na hasa foleni ya kutoka nje, maana laini nyingi hupokea haraka na kutuma polepole. Fanya hesabu. Laini inatuma megabiti 1 kwa sekunde. Pakiti kubwa ya video ni baiti 1,500, na kuitoa mlangoni huchukua milisekunde 12. Video ya harusi ikishajaza pakiti 100 kwenye bafa ya rauta, yaani kumbukumbu inayohifadhi foleni, kipande cha sauti kinachofika sasa hivi kitangoja sekunde 1 na ushei kabla hakijatoka hata chumbani. Bado hakijaufikia mnara.

Watengenezaji wa vifaa waliongeza bafa kwa nia njema. Kumbukumbu zilikuwa rahisi, na hakuna aliyetaka pakiti itupwe. Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi Mmarekani aliyeshiriki kuandika kanuni za HTTP, alikuwa akichunguza kwa nini mtandao wa nyumbani kwake huzorota kila anapohamisha mafaili makubwa, familia ikinung'unika. Akakuta bafa zimevimba karibu kila mahali, kuanzia nyumbani hadi kwa watoa huduma. Miaka miwili baadaye Kathleen Nichols na Van Jacobson wakachapisha njia waliyoiita CoDel. Inaangalia pakiti imekaa foleni muda gani badala ya kuhesabu zimo ngapi, na foleni ikikawia kuisha inatupa baadhi ili mtumaji ashike adabu na kupunguza kasi. Toleo lake lililopanuliwa, fq_codel, huipa kila safari ya data foleni yake, na lilikuwa tayari ndani ya Linux mwaka huohuo wa 2012. Dawa ipo, basi, na ni ya bure. Kinachonishangaza ni kuwa rauta nyingi zinazouzwa madukani mwetu bado zinafanya kazi kana kwamba haikuwahi kuvumbuliwa.

Mtu wa Kilambo haelekei kuhitaji somo la foleni, kwa sababu ana kivuko. Mto una mchanga, na maji yakipwa kina hupungua, kwa hiyo nafasi ya kuvuka ina wakati wake. Tuseme malori sita ya shehena yamejipanga na nyuma yake kasimama mama mwenye mgonjwa. Utaratibu wa aliyetangulia kufika ni wa haki machoni, lakini hapo ni wa kijinga. Mama na mgonjwa wake hawajazi hata pembe ya kivuko. Wakipita mbele, lori la kwanza halipotezi chochote kinachoonekana. Nahodha mwenye akili hasubiri serikali ilete kivuko kikubwa zaidi ndipo awapitishe, maana hata kikubwa kitajazwa na malori.

Hapo ndipo ninapogombana na ushauri wa kwanza unaotolewa kila mahali: nunua bando kubwa, panda kifurushi cha juu. Kasi ikiongezeka, video hujipandisha ubora na mafaili hushuka kwa pupa zaidi, na programu zilizojificha nyuma hupata hamu mpya. Mlango ukipanuliwa unajazwa tena. Utapata nafuu, sikatai, na kama laini ni nyembamba mno hakuna mpangilio utakaoiokoa. Lakini nimeona ofisi zenye laini nono ambako mhudumu wa mapokezi bado anapiga kelele "halo, halo" kila saa tisa mchana, nakala rudufu za mafaili zinapoanza kupandishwa.

Kinachotakiwa ni kuhamisha foleni ije mahali unapoitawala. Pima kasi halisi ya laini yako, kisha iambie rauta itumie pungufu kidogo ya hiyo, asilimia 85 au 90. Inaonekana ni kujinyima, ila kwa njia hiyo foleni hujengeka ndani ya rauta yako, yenye akili, badala ya kujengeka kwenye kifaa cha mtu mwingine kisichojali. Baada ya hapo washa usimamizi wa foleni. Rauta zenye mfumo huria wa OpenWrt zinazo fq_codel na ndugu yake CAKE. MikroTik, ambazo mafundi wetu wengi wanazijua, nazo zinazo tangu toleo la 7 la mfumo wake. Kama ofisi ina simu za mezani za mtandaoni, zipe alama ya kipaumbele inayotumika duniani kwa sauti, EF, namba 46, na uiwekee kikomo ili pasitokee mjanja wa kuivaa. Waifai nayo ina madaraja manne hewani, na la sauti ndilo la juu.

Yote haya yana mipaka, na fundi anayekuficha mipaka anakuuzia kitu. Alama yako inaheshimiwa hadi ukingo wa rauta yako. Huko nje watoa huduma wengi huifuta. Foleni ya data inayoingia iko upande wao, nawe unaisukuma kwa mbali tu, kwa kumchelewesha mtumaji. Na laini ya 4G haina kasi moja. Asubuhi inatoa megabiti 12, saa mbili usiku mnara umeelemewa inatoa 2, na ule ukomo uliouweka asubuhi hauna maana tena. Kwa mahali kama Kilambo ningeweka ukomo kwa kasi ya jioni, saa ambayo watu wanapigiana, na ningekubali mchana kupoteza kasi fulani. Mtu anayeipenda kasi kuliko mazungumzo atabisha. Abishe.

Kuna kejeli moja ambayo haisemwi vya kutosha. Kampuni za simu zinajua vizuri sana kwamba sauti haingoji, na zimeshalishughulikia ndani ya mitandao yao wenyewe. Simu ya dakika kwenye 2G hutengewa nafasi yake mwanzo hadi mwisho. Kwenye 4G, simu ya kawaida inayopita kwa VoLTE hupewa daraja namba 1 la huduma, lenye kasi iliyodhaminiwa. Simu ya WhatsApp haipati lolote la hayo. Kwa mnara hiyo ni data tu, sawa na tangazo la biashara linalojicheza lenyewe kwenye simu ya jirani. Aliye na shilingi za dakika ametangulizwa. Anayempigia babu yake Palma kwa bando amechanganywa na malori.

Hilo si geni katika historia ya mawasiliano ya pwani hii. Mwaka 1879 Waingereza walilaza kebo ya telegrafu chini ya bahari kutoka Aden hadi Durban kupitia Zanzibar na Msumbiji, na foleni ya kebo hizo ilikuwa na sheria ya kimataifa. Telegramu za serikali zilitangulia. Za watu binafsi zilifuata, isipokuwa aliyetaka "ya haraka", ambayo kwa muda mrefu bei yake ilikuwa mara tatu. Kwa maneno mengine, cheo kwanza, mfuko wa pili, na haja ya mtu mahali popote patakapobaki. Masalia yake yamo hata kwenye kadi yako ya simu. Kila kadi ina daraja la kuingia mtandaoni: sisi wananchi tumegawanywa kuanzia 0 hadi 9, na 11 hadi 15 zimewekwa kwa ajili ya vyombo vya usalama, huduma za dharura na wafanyakazi wa mitandao. Siku ya milipuko ya London, Julai 7, 2005, polisi waliiomba kampuni moja kuufungia umma mtandao eneo la Aldgate kwa saa kadhaa ili waokoaji wazungumze. Nayakubali madaraja ya namna hiyo. Moto ni moto.

Ninachokikataa ni hicho kinachofanyika maofisini kwa jina la kipaumbele. Kijana wa tehama anaambiwa kompyuta ya mkurugenzi iwe juu ya zote. Anatii, ana watoto wa kulisha. Matokeo yake, sasisho la Windows la mkurugenzi linatangulia simu ya mteja aliyekata tamaa mapokezini, wakati mkurugenzi mwenyewe yuko safarini Dodoma. Wiki inayofuata mhasibu naye anataka, kisha ofisa ugavi. Kila kitu kikishakuwa cha kwanza tumerudi kwenye foleni ileile, na sasa tumeongeza chuki.

Wapo watakaoniuliza kama sitetei ubaguzi wa data, jambo ambalo Marekani wameligombania miaka nenda rudi: tume yao ya mawasiliano ilipiga marufuku kuuza kipaumbele mwaka 2015, ikaondoa marufuku mwaka 2017, ikairudisha mwaka 2024, na mahakama ikaifuta Januari 2025. Sitetei. Ugomvi wao unahusu mtoa huduma kuuza nafasi ya mbele kwa tajiri, kwenye njia ya wote. Mwenye nyumba anayepanga foleni yake kwa kuangalia nani hawezi kungoja hamuuzii mtu kitu. Na kama mamlaka yetu ya mawasiliano, TCRA, ambayo kila robo mwaka hututolea takwimu za laini na matumizi, ingependa kutusaidia zaidi, itupimie pia ucheleweshaji wa data saa za jioni huko Mahurunga na Msimbati, si kasi ya kushusha peke yake. Kasi ni namba nzuri ya tangazo. Haimwambii mtu kama atasalimiana.

Msimu wa korosho unakuja kila Oktoba, nao unaijaribu mitandao ya kusini kuliko kitu kingine. Tangu msimu wa 2024/2025 minada imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Siku ya mnada ofisi ya chama cha msingi inakuwa na watu wa kutosha kuangusha ukuta, kila mmoja na simu yake kwenye waifai ya chama, picha za ubao wa bei zinarushwa kwenye makundi, na katibu anajaribu kuzungumza na ghala. Bei ikichelewa dakika moja kwenye skrini ya mkulima hakuna kilichoharibika, ila roho tu. Katibu akisikia "elfu" bila kusikia ngapi, pana ugomvi.

Na zahanati. Mfumo wa m-mama, aliouzindua Rais Samia Suluhu Hassan kitaifa Aprili 2022, unamwezesha mhudumu au jamaa kupiga 115 bure, mratibu akamtafutia mjamzito gari la wagonjwa au dereva wa kijijini. Simu hiyo hupita njia ya dakika, kwa hiyo imeshatangulizwa. Lakini mazungumzo yanayofuata, muuguzi akimuuliza daktari wa Mtwara afanye nini wakati gari liko njiani, mara nyingi ni ya WhatsApp, kwenye rauta ya zahanati, pamoja na taarifa za mwezi zinazopandishwa na tamthilia ya mlinzi. Ningeanzia hapo kabla ya ofisi yoyote yenye zulia.

Kazi yenyewe ni ya saa moja kwa fundi anayejua, kifaa kikiwa cha kufaa, na kisipofaa, kinachofaa hakizidi bei ya simu janja ya kati. Kikwazo nilichokikuta mara nyingi ni kingine: aliyefunga rauta alishaondoka, na hakuna ofisini anayejua neno la siri la kuingilia ndani yake. Anayetaka kuanza Jumatatu aanze kwa kulitafuta hilo.